Nilienda Mji wa Kale kumtafutia mwizi wangu njia, nikaishia kunywa chai

Wakuu, habari za kushinda. Haya yamenikuta mwenyewe wiki jana. Sijatia chumvi, na kwa mtu anayeandika hadithi hilo si jambo dogo.

Mchana niko ofisini Mbaraki, jioni naandika riwaya. Mhariri anaitaka Ijumaa hii.

Kilele chake ni wizi. Mgeni anaingia nyumba kongwe ya Mji wa Kale adhuhuri, kifua mbele, anapanda ghorofani, anaondoka na dhahabu ya bibi harusi. Hakuna anayemwona. Niliipenda hiyo sura jamani, nilikuwa najisomea kwa sauti bafuni.

Mwenzangu wa kazini akanituma kwa nyanya yake, Bi Zuhura, mwenye nyumba ya aina hiyo. Bibi akataka nimsomee sura nzima. Akasikiliza, hakucheka.

"Haya. Mwizi ni wewe. Toka nje, uje uibe."

Nikatoka.

Kwanza mlango wenyewe ni wa kuinama, kwa hiyo kifua mbele kikafia hapo.

Kabla sijavuka kizingiti, jirani wa dirisha la mkabala akanisalimu. Salamu za kule haziishi upesi: hali, watu wa nyumbani, mimi ni mtoto wa nani. Ukumbini nikamkuta shangazi anapepeta mchele, akauliza kama nimekula. Kwenye ngazi binti akanishikisha sinia ya mahamri niipandishe juu.

Nikafika ghorofani na jasho, mahamri, na watu watatu wanaonijua kwa sura. Bi Zuhura akanimiminia chai. Nikamwambia basi, riwaya imekufa, humu hakuibiki.

"Kunaibika," akasema. "Dhahabu yangu ilitoka humu humu. Aliichukua yule niliyekuwa nikimpakulia chakula."

Wakuu, niliona aibu. Nilikuja kuazima ngazi na madirisha tu, mama wa watu ananionyesha kidonda chake.

Wakati wa kuaga akanishika mkono.

"Mwizi wako mrudishe nyumbani, mwanangu. Hata mikono mitupu. Wangu bado namwekea sahani."

Nilichojifunza: usiandike nyumba ya watu kabla hujaingia ukaulizwa wewe ni wa nani.

Sura nimeiandika upya, mwizi sasa ni mtoto wa nyumba. Mhariri anasema asirudi, ndipo hadithi iume. Nyinyi mwaonaje? Semeni hapa chini, ingawa mimi nishamrudisha.