Plagi ya Baba Yangu Imeingia Ukutani kwa Mzee wa Kanisa

Admin, futa jina langu, ila hasira yangu iache kama ilivyo.

Nina miaka arobaini na tisa, ni mwalimu wa fizikia hapa Rungwe, na nakusanya plagi za umeme za zamani. Chekeni kwanza, tumalize. Nilianza miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nikiwa kidato cha pili, soko la Tukuyu lilipojaa redio na pasi za mitumba kutoka kila nchi. Mafundi walikata plagi za kigeni wakazitupa, mimi nikaziokota. Baba yangu, Tata, alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai, naye alinifundisha kuzitambua: hii ya pini nene za mviringo ni ya Mwingereza wa zamani, hii ya pini bapa zilizokaa upande imetoka Australia.

Moja alinipa mwenyewe, spea ya kiwandani. Ina pini tatu kama za kawaida, lakini ya juu imelala na mbili za chini zimesimama. Waliojenga kiwanda waliagiza plagi hizo na soketi zake makusudi, ili kifaa kikiibwa kisiingie popote nyumbani kwa mtu. Nimetafuta miaka thelathini, sijaona nyingine.

Kiwanda kilipoandaliwa kuuzwa, hita ya ofisi ya meneja haikuonekana. Mtunza stoo akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba alimwona Tata akitoka nayo. Tata akafukuzwa. Kwetu Kinyala wakamwita Baba Hita. Shuleni wenzangu walininyooshea viganja kama wanaota moto. Aliacha hata kwenda kanisani, akafa na jina hilo. Nimesoma vitabu vingi kuhusu ubinafsishaji. Vyote vinawalaani walionunua viwanda. Hakuna kinachomtaja aliyebeba hita.

Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa mchanga wakati huo, akaja kuolewa na mtoto wa mtunza stoo yule yule. Mama aliniambia nimeze, nikameza. Mtunza stoo sasa ni mzee wa kanisa, anakaa Ibighi. Mwezi uliopita nilikwenda kwake mara ya kwanza, kwenye kikao cha maandalizi ya sherehe yake ya miaka hamsini ya ndoa. Simu ikaishiwa chaji. Nikatafuta soketi nyuma ya kochi, chaja ikagoma kuingia. Nikainama. Tundu la juu limelala, mawili ya chini yamesimama.

Mwizi mwenye akili angebadilisha plagi. Huyu aling'oa na soketi, akaipachika mwenyewe, labda kwa sababu fundi pekee aliyemjua ndiye aliyemfukuzisha.

Siku ile nilirudisha chaja mkobani. Wiki iliyofuata nilirudi na plagi ya Tata kwenye mkoba. Mzee akinywa chai, nikaichomeka. Ikaingia yote.

Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa Baba Hita," nikasema. "Na wewe soketi umeitoa wapi, mzee?"

Alisema amechoka, anakwenda kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapiga picha.

Kesho yake mdogo wangu alikuja analia. Ananiamini, lakini mumewe ameapa kwamba nikimwaibisha baba yake, mke wake atarudishwa kwetu Kinyala na watoto watabaki. "Dada, Tata simkumbuki hata sura," akaniambia. "Wanangu nawaogesha kila siku. Unataka nimlipie Tata kwa wanangu?"

Sherehe ni Jumamosi, na nimechaguliwa mimi kuzungumza kwa niaba ya wakwe. Nimempigia Mzee, nikamwambia akiri mwenyewe kabla sijapewa kipaza sauti. Akakata simu. Wafanyakazi wa zamani waliocheka watakuwepo wote. Msiniletee habari za kusamehe. Wa kuombwa msamaha yuko kaburini, na hakuna aliyemwomba. Nataka mzee yule, akiwa kwenye kiti chake cha heshima, asikie wajukuu wake mwenyewe wakimwita Babu Hita.

Hao wajukuu ndio watoto wa mdogo wangu. Nishaurini, nikishashika kipaza sauti nifanye nini?