Chokaa Juu ya Mabati

Mimi sikupewa bati. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo wanaosema nilipiga kelele kwa wivu, na nataka ijulikane kwamba hawajakosea sana. Wivu nilikuwa nao. Kabla ya uchaguzi wa madiwani kila nyumba ya kijiji chetu ilipata bati moja, na walipofika kwangu vijana wa kampeni ya diwani wetu walipita wakitazama upande wa pili wa njia kama vile nafuga mbwa mkali.

Kosa langu lilikuwa swali. Muda mrefu kabla ya uchaguzi huo nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikamuuliza diwani wetu: mabati ya zahanati yako wapi? Yaliletwa na lori mchana kweupe, tukayaona yakishushwa na kuingizwa stoo ya ofisi ya kata, kisha hatukuyaona tena. Diwani akatabasamu. Akasema yalirudishwa kwa sababu hayakufikia viwango.

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu," akaniambia. "Tuachie sisi."

Watu wakacheka. Mimi nilikaa chini masikio yakiniwaka moto, na kwa neno lile "kitaalamu" sijamsamehe hata sasa.

Kijiji chetu kiko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu wakibeba pembe za ndovu za watu wengine kutoka Tabora mpaka pwani. Jina lake sitalitaja, wala la mtu yeyote humu. Wenyewe wanajijua. Zahanati tuliijenga kwa mikono yetu. Wanaume walifyatua matofali na kuchoma tanuru, wanawake tukabeba maji na mchanga kichwani, Wakatoliki siku zao na Wamoravian siku zao, halafu Jumamosi wote pamoja. Halmashauri ilisema: nyie inueni kuta, kuezeka tutaezeka sisi. Tukainua. Mafundi wa kijiji wakapiga na kenchi, mbao za kubebea paa. Kenchi zikakaa uchi mvua hadi mvua, zikawa nyeusi.

Binti yangu alimzaa mtoto wake wa kwanza barabarani. Tulikuwa tunampeleka kituo cha afya, safari ya nusu siku, yeye ameketi nyuma ya baiskeli, mumewe anasukuma, mimi nimemshika mgongo. Uchungu ulimzidia kabla hatujafika hata nusu. Mtoto alitoka jua likiwa kali, na hakulia. Nilimfunga kwenye kanga yangu, tukageuza baiskeli. Kurudi nyumbani ilibidi tupite mbele ya zile kuta zisizo na paa. Wote tuliziangalia.

Mwaka wa uchaguzi alikuwa na mimba tena. Kliniki walimwambia atajifungua katikati ya masika. Kwa hiyo mtu asinitafutie sababu kubwa za siasa. Katika uchaguzi ule nilikuwa nataka kitu kimoja tu, paa, tena kabla ya mtoto.

Mkunga tulikuwa naye. Jirani yangu ni nesi mstaafu, alirudi kijijini baada ya msiba wetu. Alishasema wazi kwamba nikimpatia chumba chenye paa, meza na maji safi, atamzalisha binti yangu. "Jikoni kwenye moshi na kuku sizalishi," alisema. "Nimeona ya kutosha." Lakini huyo huyo ndiye alikuwa kiongozi wa akina mama wa chama cha diwani, na kanga za chama alikuwa anavaa mpaka za kulalia. Siku zote tuliamkiana asubuhi juu ya uzio kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mayo," na mwenzangu akaitikia. Kampeni ilipoanza, salamu hiyo ikafa. Ananiona, anainama kuchambua mboga ambazo ameshazichambua.

Basi mabati yakagawiwa. Bati moja utalifanyia nini? Mmoja akaziba jiko, mwingine akafunika banda la kuku, mwingine akatengeneza mlango wa choo. Kila bati lilikuwa limepakwa chokaa upande mmoja, upana wa viganja viwili. Watu walipouliza, vijana wa kampeni wakasema ni alama ya mgao ili mtu asichukue mara mbili. Hilo lilimtosha kila mtu. Nani achunguze chokaa kwenye bati la bure?

Siku chache kabla ya kura mvua ya kwanza ikanyesha, mapema kuliko tulivyozoea. Ilikuwa asubuhi, nimesimama mlangoni kwangu natazama matone yanavyochimba vumbi. Nikaona kitu cheupe kinachuruzika kwenye paa la jiko la jirani, kama maziwa. Chini ya ule weupe zikaanza kutokea herufi za buluu. Nilitoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa, nikasogea mpaka kwenye uzio, nikasoma.

MALI YA HALMASHAURI. ZAHANATI.

Nilisoma kwa sauti. Nilisoma tena kwa sauti zaidi, na mara ya tatu nadhani nilisikika mpaka stesheni ya reli. Jirani akatoka na mwiko mkononi, akainua macho, akasoma. Hakuniangalia. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa nje kinasoma mapaa yake. Kwanza watu walicheka. Mzee mmoja alicheka mbele ya mlango wa choo chake mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika, na nilimsikia akisema taratibu, "Yaani ananihonga kwa mali yangu mwenyewe." Diwani alikuja kesho yake na kipaza sauti, akasema wapinzani ndio walioandika. Wameandika lini, kwenye kila nyumba, na mvua inanyesha? Watu walimwangalia tu mpaka akamaliza, na mimi niliyemjua kwa maneno mengi nikaona jasho linamtoka.

Tukapiga kura. Karatasi ya matokeo ilipobandikwa mlangoni pa kituo, nilipenya katikati ya watu nikaisoma kwa kidole. Ameanguka vibaya. Asubuhi redio ikatuambia tusilolijua: kata yetu ndiyo iliyopindua halmashauri nzima. Chama kilichoishika tangu nizaliwe kilikuwa kimepitwa kwa kata moja, na kata hiyo ilikuwa yetu. Nilicheza. Nilicheza pale uwanjani na magoti yangu haya, na sikuona aibu.

Diwani mpya alikuwa mtu mpole. "Shikamoo, mama," akaniamkia, nikamwitikia marahaba kwa moyo mweupe. Akaitisha mkutano Ijumaa moja. Alizungumza vizuri kuhusu wizi wa mali ya umma, tukapiga makofi. Kisha akasema Jumatatu litakuja lori kukusanya mabati yote, kwa kuwa sasa ni ushahidi, nayo yatafungiwa stoo ya kata mpaka kesi iishe.

Stoo ile ile. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Na zahanati, mheshimiwa?" nikauliza.

"Bajeti ya mwaka huu waliipanga wao, mama. Tuvumiliane mpaka mwaka mpya wa fedha."

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu, miguu imevimba, kiganja juu ya tumbo. Nikasema, "Mheshimiwa, mtoto hajui mwaka wa fedha." Safari hii hakuna aliyecheka. Yeye akasema utaratibu ni utaratibu, akapanda pikipiki yake.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya mtu aliyejidanganya mwenyewe. Yule wa kwanza alikuwa adui yangu, nilijua pa kumweka. Huyu nilimchezea ngoma. Lakini hasira haiezeki nyumba, na tulikuwa na Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi kulipopambazuka nilianza nyumba ya kwanza. Sikuhutubia. Nilisema, "Naomba lile bati, tunaezeka leo," na kama mtu alisita nilimwonyesha binti yangu, ambaye alisisitiza kutembea nami ingawa nilimkataza. Mmoja aliniambia kuku wake watanyeshewa. Nikamwambia wanyeshewe. Mlango wa choo ulitoka, yule mzee akatundika gunia. Kufikia saa nne tulikuwa mstari mrefu wa wanawake kwenye njia ya misafara, kila mmoja na bati kichwani, mabati yanalia kama radi kila tunapokanyaga shimo. Nikawaza wale babu zetu. Walibeba sana, na hakuna hata mzigo mmoja uliokuwa wao. Mimi ambaye sikupewa kitu nilibeba la mjane mmoja ambaye shingo ilikuwa inamuuma.

Wanaume walinyoosha misumari ya zamani juu ya mawe, wakapanda. Matundu tuliziba kwa lami. Paa likawa la ajabu: bati hili lina masizi ya jiko, lile lina kinyesi cha kuku, jingine limekunjwa pembe. Jioni ilipokaribia likabaki tundu moja, upana wa bati moja, juu kabisa ya chumba tulichokitenga kwa kujifungulia. Kila mtu alijua ni la nani. Nyumba ya jirani nilikuwa nimeiruka. Kiburi changu kilinikataza, nakiri.

Alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa kanga ya chama chake, bati kichwani, miwani imening'inia shingoni. Akalishusha mbele yangu.

"Sijahama chama," akasema.

"Sijakuuliza."

"Herufi ziangalie ndani," akamwambia fundi aliyekuwa juu. "Nataka niwe naziona kila siku, nisisahau nilivyofanywa mjinga." Kisha akanigeukia. "Meza iko wapi? Na maji yatachemshiwa wapi?"

Jumatatu lori likaja tupu, diwani mpya mbele yake na pikipiki. Aliposhuka mbele ya zahanati alitazama juu.

"Nani ameruhusu hili?"

"Sisi," nikasema.

"Mama, ule ni ushahidi!"

"Upo, haujaenda popote. Ukiuhitaji, inua kichwa usome."

Akasema ataleta vijana waezue. Jirani yangu alikuwa ameshaketi kizingitini, nikaketi kando yake, na wanawake wengine wakaja kuketi bila kuitwa, mpaka mlango ukaziba. Diwani akasema tunarudisha nyuma maendeleo. Maneno hayo hayo aliwahi kuyasema yule aliyemtangulia, na jirani yangu akamwambia hivyo, tena kwa adabu kamili, akimwita mheshimiwa. Lori likaondoka kama lilivyokuja.

Baadaye ilikuja barua yenye mhuri kwamba jengo halitambuliki na huduma zisitolewe humo. Jirani aliivaa miwani akaisoma mpaka mwisho. Meza yake ya kuzalishia ilikuwa inayumba mguu mmoja. Aliikunja barua mara nne akauegemeza mguu huo juu yake, na meza ikatulia.

Binti yangu alishikwa na uchungu mchana, masika yamekolea. Nilimshika mkono tukatembea, hatua chache tu, kutoka nyumbani mpaka pale. Hakuna baiskeli. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata ikawa jirani ananipa maagizo kwa vidole. Palivuja sehemu mbili, tukatega mabeseni. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nilikuwa nahesabu pumzi za mwanangu huku nikikumbuka jua la siku ile nyingine. Mtoto akatoka. Kimya. Jirani akamgeuza, akamsugua mgongo, akamsafisha mdomo kwa kidole kilichozungushiwa kitambaa, na mimi nikaanza kufungua kanga yangu bila kujua nafanya nini.

Akalia. Alilia kwa hasira, mpaka mvua haikusikika.

Jirani akaketi chini sakafuni na kanga yake ya chama imelowa damu, akalia yeye pia. Binti yangu alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, macho yakiwa juu kwenye zile herufi za buluu. Alizisoma moja moja, midomo inatembea.

"Mali ya halmashauri," akasema.

Kisha akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Waongo."