Majani Ambayo Hakuna Aliyeyanywa

Karatasi zilikuwa thelathini na mbili, na zote zilisema uongo mmoja. Donatille alilijua hilo kabla hata ya kuzimaliza, kwa sababu uongo wa kwanza aliuandika yeye mwenyewe.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa reko wa mtaa wao, upande wa kaskazini mwa Goma: yule mtu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha watu chanjo, chandarua na maji ya kuchemsha. Alishuka kutoka milima ya Masisi akiwa na mimba ya Charline, binti yake wa pekee, akamzika mume, akajifunza kushona, akajenga kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, mahali ambapo hata boga halioti. Wengi walimwita Mama Charline. Wale aliowahi kuwakaripia walimwita Mama Jileti, kwa sababu ya jileti ya bluu aliyoivaa kazini, nao walichagua kulisema jina hilo akiwa mbali.

Kukaripia kulikuwa sehemu ya kazi, au ndivyo alivyofundishwa. Kila Jumatano, siku ya kupima mimba, muuguzi mkuu aliyeitwa Micheline alisimama mbele ya wanawake na kuuliza ni nani aliyekunywa majani ya kienyeji. Aliyenyoosha mkono alitolewa kwenye mstari, akasimamishwa ukutani hadi wengine wote wapimwe. Donatille ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka. Mwaka wa kwanza ukuta ulijaa. Mwaka wa kumi na mmoja hakusimama hata mmoja, na Micheline akaandika katika ripoti yake kwamba uhamasishaji umefaulu.

Haukufaulu hata kidogo. Wanawake walikuwa wamefundishwa kudanganya, na waliowafundisha ni watu waliokula kiapo cha kuwahudumia. Anayemwadhibu mjamzito kwa kusema kweli hana haki ya kushangaa anapodanganywa, na ripoti ile ilipokewa, ikapigwa muhuri, ikasifiwa, bila mkubwa yeyote kufunga safari ya dakika kumi hadi sokoni. Huko majani yalikuwepo kila siku ya Mungu, yamefungwa mafungu, yakitoka mashamba ya Kibumba: majani madogo ya harufu kali ambayo wanawake waliyaita majani ya mama. Mjamzito huyachemsha na kunywa maji yake ili tumbo litulie na mtoto atoke bila shida.

Mama yake Donatille aliyanywa. Donatille aliyanywa. Charline aliposhika mimba na kuanza kutapika, Donatille alimpikia katika kisufuria chenye mfuniko, alfajiri, kabla majirani hawajaamka, kisha akavaa jileti yake na kwenda kuwasimamisha wengine ukutani. Hakuona kosa. Aliamini kwamba hao wengine hawajui kipimo.

"Ukiulizwa," alimwambia binti yake, "sema hapana."

Mtoto alizaliwa mzima, wakamwita Ushindi. Wiki ya tatu macho yake yalikuwa bado ya manjano. Donatille alisema aanikwe kwenye jua la asubuhi. Choo chake kilikuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukutani, lakini kituoni hakuna aliyeuliza habari za choo. Walipofika hospitali kubwa, Ushindi alikuwa na miezi minne. Walielezwa kwamba njia zinazotoa nyongo kwenye ini zimeziba. Kwamba upo upasuaji, lakini hufanywa mapema, katika miezi miwili ya kwanza. Na kwamba miezi hiyo imekwisha kupita. Sasa alikuwa na miezi minane, tumbo limejaa, mikono kama vijiti, akijikuna mchana kutwa hadi ngozi inachubuka.

Hospitalini ndipo walipokutana na Daktari Laurent, kijana wa Butembo aliyekuwa miongoni mwa watafiti waliotaka kujua ni nini hasa kinachoziba njia hizo. Alihitaji mtu anayejua milango ya mtaa, awaulize kina mama wa watoto wagonjwa na wale wa watoto wazima maswali yaleyale. Donatille alikubali, na sababu yake aliificha: alitaka kumchunga. Mtu anayeuliza maswali arobaini na moja bila kutoa hata kidonge anatafuta kitu. Na swali la kumi na tisa lilimchoma tangu siku ya kwanza: wakati wa mimba, ulikunywa majani au mizizi yoyote?

"Huyo kwao ni Butembo, kwa wafanyabiashara," alisema jirani yake Ernestine, akipepeta maharage. "Leo anauliza majani. Mwaka kesho utayaona katika chupa, na bei iko juu."

"Ama anatafuta mutu wa kushitaki," Donatille akasema.

"Basi aanze na wewe. Si wewe ndiye unajua wote wenye kunywa?"

Ernestine alicheka. Donatille hakucheka; alijiuliza kama mfuniko wa kile kisufuria ulikuwa ukiziba harufu vizuri.

Alipopeleka karatasi zote thelathini na mbili, Daktari Laurent alizipitia moja baada ya nyingine, kidole kikishuka hadi mstari uleule. Hapana. Hapana. Hapana. Kisha akavua miwani.

"Mama Donatille, leo asubuhi nimepita sokoni. Nimekuta wanawake saba wanauza majani ya mama. Nani anayanunua?"

"Sijui, Daktari. Pengine ni watu wa mbali."

"Pengine." Hakukasirika, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. "Ijumaa ninapeleka majibu kwa wenzangu. Wataona kwamba swali hili halina faida, watalifuta. Awamu inayofuata halitakuwemo."

Likifutwa, basi limekwisha. Karatasi ya Charline italala kati ya karatasi nyingine na hakuna atakayeigusa. Donatille aliona aibu kwa nafuu hiyo, lakini aliisikia.

"Na kwa nini mnashuku majani?" aliuliza. "Wenzako wanasema ni majani, ama ni wewe?"

"Sishuku majani peke yake. Wengine wanashuku kirusi ambacho mama anapata akiwa na mimba. Wengine wanachunguza kitu katika damu ya ukoo, wengine ukungu unaoota kwenye mahindi. Hakuna aliyekwisha kukamata mwenye kosa." Alisita. "Lakini huko Australia, miaka ya ukame, kondoo walikula mmea fulani uliokuwa umeota mahali maji yalipokauka. Wana-kondoo wao wakazaliwa njia za nyongo zimeziba. Baadaye wataalamu wakaitafuta sumu katika ule mmea, wakaipata."

"Na kondoo wenyewe? Wale mama zao?"

"Walikuwa wazima. Hawakuonyesha ugonjwa wowote."

Donatille mwenyewe alikuwa mzima. Mama yake alikuwa mzima hadi uzeeni.

"Mmea ule haupo huku kwetu," Laurent aliendelea, "na majani yenu huenda hayana kosa lolote. Inawezekana kabisa. Lakini nikiwa na karatasi thelathini na mbili za hapana, siwezi kuyashitaki wala kuyasafisha. Hatutajua. Akina mama wataendelea kunywa, na sisi tutaendelea kutojua."

"Na mmoja akisema ndiyo?"

"Mmoja hatoshi, mama. Watasema ni kosa la kuandika."

Njiani alipekua kila neno la yule daktari. Kwa nini amtajie kondoo yeye? Kwa nini "mmoja hatoshi", kana kwamba anamjua huyo mmoja? Alipofika nyumbani alimkuta Charline mlangoni, akimpoza Ushindi kwa kitambaa chenye maji.

"Umesema na yule daktari?" Donatille aliuliza hata kabla ya kuketi.

"Kusema nini?"

"Majani."

Charline hakuinua uso. "Mama, ni wewe uliniambia niseme hapana. Nimesema hapana. Karatasi uliandika wewe, na mukono wako, mbele yangu, wala hukuniuliza. Ulilipita lile swali kama mutu anayeruka shimo."

"Nilikuwa nakulinda."

"Mimi? Ama jileti?"

Charline alimgeuza mtoto ubavu wa pili, akaendelea kumpoza.

Asubuhi iliyofuata Donatille alizichukua karatasi kwa Laurent azisahihishe kabla ya Ijumaa, akaanza upya nyumba zote, na alianza vibaya. Alivaa jileti. Aliwataka watu waseme kweli, kwa sauti ileile ya Jumatano. Joviale, mama wa mapacha wazima, alimsikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Leo unatafuta nani wa kusimamisha, Mama Reko?"

"Hakuna wa kusimamishwa. Karatasi haina jina, ina namba tu."

"Na namba inajua nyumba?"

"Inajua."

"Basi andika: hapana." Akaufunga mlango taratibu, kwa adabu kamili, na hiyo adabu ilimuuma kuliko tusi.

Nyumba sita zilimjibu hivyo. Kila mlango ulimshuku, na safari hii hakuwa na la kulalamikia, maana hata yeye, akiwa ndani ya nyumba hizo, asingejifungulia. Mchana wa Alhamisi aliivua jileti, akaikunja, akaiacha juu ya cherehani, akashuka hadi Kituku, ufukweni mwa ziwa, kumtafuta Rosette.

Rosette aliuza sambaza, vile visamaki vya Kivu, juu ya beseni lililopinduliwa. Mwanawe wa kwanza alikuwa na ugonjwa uleule wa Ushindi, na alikufa akiwa na miezi kumi. Sasa alikuwa na mimba nyingine, kubwa, na alikuwa miongoni mwa wale ambao Donatille aliwahi kuwashika mkono na kuwapeleka ukutani.

"Sambaza ni hizi," Rosette alisema. "Kama ni karatasi, nilikwisha kujibu."

"Nimekuja ju ya karatasi."

"Jileti iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Ahaa. Siku hizi munatega bila kamba." Muuza samaki wa pembeni alicheka. Rosette alimrushia jicho, naye akaacha kucheka. "Mama Charline, mimi nilisimama pale ukutani na tumbo la miezi saba. Miguu ilivimba. Ulipita mara tatu mbele yangu, hukuniletea hata kiti. Leo unataka nikuambie nini?"

"Kwamba uliyanywa, kama uliyanywa."

"Ili muandike kwamba nimeua mutoto wangu."

Donatille alichutama, akawa chini ya uso wa Rosette, juu ya changarawe yenye maji na magamba ya samaki.

"Hakuna mutu anajua kilichomuua," alisema. "Daktari mwenyewe hajui. Lakini kesho wanafuta lile swali kwa sababu wote tumesema hapana. Wote. Hata mimi."

"Wewe?"

"Charline. Nilimpikia mimi. Kila asubuhi, tangu mwezi wa pili mpaka wa nane. Siku za Jumatano pia."

Rosette alimtazama kwa makini, kama anayekagua samaki wa jana. "Iko imeandikwa?"

"Karatasi inasema hapana."

"Uko nayo?"

Alikuwa nayo, pamoja na nyingine zote. Rosette alipangusa mikono kwenye kitenge, akanyoosha kidole.

"Andika ya kwako kwanza. Hapa. Nione. Na jina la Charline uliweke juu, si namba."

Donatille alitoa biki. Alipiga mstari juu ya neno lake, akaandika: ndiyo, majani ya mama, kila siku, miezi sita, nilimpikia mimi mama yake. Jina lilikuwa gumu zaidi. Halikuwa lake peke yake, na hakuwa ameomba ruhusa. Aliandika la kwake, Donatille, herufi zote, akamweleza Rosette kwa nini hakuandika la Charline. Rosette aliisoma karatasi mara mbili, midomo ikicheza.

"Sawa," alisema. "Mimi nilianza mwezi wa nne. Mara mbili kwa wiki. Na Joviale wa mapacha tulinunua pamoja, mwambie nimesema mimi. Na Angèle. Angèle alikunywa kuliko sisi wote, na mutoto wake anakimbia kama mbuzi, kwa hiyo andika na hilo."

Donatille aliandika yote, hata la mbuzi. Alipomaliza, Rosette hakurudi kwenye sambaza zake. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

"Na huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini, ambayo jirani hakuisikia. "Bado nakunywa. Jana nilikunywa. Niache?"

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mwanamke aliyemwuliza swali bila kupewa jibu papo hapo, moja kutoka kwenye yale aliyoyakariri kituoni.

"Sijui," Donatille alisema. "Mimi, kwa Charline, sitapika tena mpaka wajue. Lakini wewe nikikuambia kwamba najua, nitakudanganya."

Rosette aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akasogea upande mmoja wa lile beseni, akampa nafasi ya kuketi.