Nyumba Zilizonikataa

Nilisoma hadi darasa la tatu, nikaishia hapo. Mengine yote nimejitafutia mwenyewe, na kamera ni mojawapo.

Miaka ile nilikuwa nikipaka rangi magari katika kiwanda cha Longbridge, huko Birmingham, wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku. Tulikuwa wanaume watatu chumba kimoja, na kitanda hakikupoa. Mmoja akiamka, mwenzake analala. Kabla ya kupata hata hicho chumba nilibisha milango mingi kule mtaa wa Nechells. Mama mmoja alifungua, akanitazama kuanzia viatu, akasema chumba kimeshachukuliwa. Kesho yake tangazo lilikuwa bado dirishani. Milango ya namna hiyo nilihesabu kumi na mmoja, kisha nikaacha kuhesabu.

Baadaye baraza la jiji likaanza kubomoa mitaa ile ile. Wenyewe wakahamishwa, nyumba zikabaki tupu, madirisha yamepigiliwa mbao. Jumapili moja nilipita nikaona mlango wa yule mama umeng'oka, umeegemezwa ukutani. Nikaingia. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndipo nilipoanza. Nilivaa suti ya kanisani, nikabeba kiti cha mbao begani, kamera nikaiweka juu ya kreti. Nilikaa katikati ya sebule kama mwenye nyumba, mikono magotini, uso mbele, vile tulivyokalishwa na wapiga picha wa Mombasa. Kamera ilikuwa na kisaa chake: ukishakitega unapata muda wa kukimbilia kiti na kutulia. Nikajiwekea sheria moja. Nyumba ambayo sikuwahi kubisha mlango wake, siingii. Sikuwa natafuta picha ya kupendeza. Nilitaka ionekane kwamba nilikaa.

Filamu alinisafishia Singasinga mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye baba yake alikuwa na studio huko. Sasa tulikuwa tunapaka rangi pamoja, yeye na mimi, na Kiswahili chetu hakuna msimamizi aliyekijua.

"Sasa hii ni nini, bwana?" akaniuliza, picha mkononi.

"Ni mimi."

"Wewe nakuona. Nauliza dari. Mbona iko sakafuni?"

"Ndivyo nyumba ilivyo."

"Baba yangu angekuwekea pazia la maua nyuma na redio pembeni, ukafanana na waziri. Hapa unafanana na mzigo uliosahauliwa na lori."

Nilimwambia aendelee kusafisha, maoni sikumwomba.

Nyumbani Taita nilikuwa nimeposa. Mbuzi wa mahari walishapokelewa kabla sijasafiri. Kwetu, binti hatoki mpaka wazee wake waende kuiona nyumba atakayoingia. Hushika ukuta, hutazama paa, hukaribishwa kinywaji, ndipo wanasema ndiyo. Wazee wale hawangeweza kuja Birmingham. Kwa hiyo baba mkwe akaandikisha barua: nijipige picha nikiwa ndani ya nyumba yangu, aione, kisha amruhusu binti aje.

Nyumba sikuwa nayo. Nilikuwa na theluthi ya kitanda.

"Njoo kwangu Jumamosi," rafiki yangu yule Singasinga akasema. "Kochi lipo, zulia lipo, mke wangu atahamia jikoni saa moja. Piga, tuma, mlete shemeji yetu."

"Hiyo nyumba si yangu."

"Na ile ya Nechells ni ya babu yako?"

Nikaenda zangu. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka, na mtu akichoka kiburi ndicho kinachobaki macho. Nikatuma picha niliyopiga katika nyumba ya yule mama. Nyuma yake niliandika: Nyumba hii walininyima. Tazama nilivyokaa. Nilidhani mwanamume mwenzangu ataelewa.

Hakuelewa, na kosa ni langu. Nilikuwa nimekaa mbali hadi nikasahau gofu ni kitu gani kwetu. Nyumba ikiachwa, kuna jambo lililowatoa watu humo, na mtu mwenye akili zake haingii hata mvua ikimnyeshea. Mimi nimeingia, nimevaa suti, nimekaa kitako. Wazee walipitishiana picha ile mkono kwa mkono. Maandishi ya nyuma hayakuwa na kazi tena.

Jibu halikuja kwangu. Lilikwenda kwa kaka yangu kwa miguu minne: mbuzi wote walirudishwa. Kaka akaniandikia mistari miwili tu, na kwetu mbuzi wakirudi hakuna la kujadili.

Rafiki yangu nilimweleza tukiwa tunavaa ovaroli.

"Nilikwambia, bwana."

"Sitaoa kwa kochi la mtu."

"Basi hutaoa," akasema, bila kucheka, akachukua bomba lake la rangi.

Baada ya majuma machache nikapata barua ya yule binti mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Yeye alifika darasa la saba. Aliandika: "Baba anasema unaishi na wafu. Mimi gofu halikunitisha. Niliitazama picha yako siku tatu, nikitafuta mahali ambapo ningekaa mimi. Kiti ni kimoja, nacho umekikalia wewe."

Niliisoma nikiwa kitandani, mwenzangu amesimama mlangoni akisubiri niamke alale. Nikampisha. Nikashuka jikoni kwa mwenye nyumba, nikakaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Nilitaka kumweleza habari ya milango, ya yule mama na viatu vyangu, ya kukaa pale waliposema sikai. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa habari zangu.

Mwishowe niliandika: "Sikukufikiria." Niliituma hivyo hivyo. Hakujibu, na mimi ningekuwa yeye nisingejibu.