Jina Alilokuja Nalo Dorothea

Mwaka sabini na mbili, nna miaka kumi na minne na baba kesha kufa, nikaletwa Maskati kwa shangazi. Siku ile ile akaniambia, "Mwanakheri? La kishamba hilo. Hapa wewe Khadija." Jina tukufu, lakini si langu. Nikaliitikia mpaka nilipoolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwanangu, ningelala wapi?

Ndiyo maana msichana wa kazi alipoingia kwa binti yangu, huko mtaa wa Bawshar, nilimuuliza jina mimi mwenyewe. Katoka Uganda, mwembamba, mcheshi.

"Naitwa Dorothea, mama. Ni Kigiriki. Doron ni zawadi, theos ni Mungu. Mama yangu alizika watatu kabla yangu."

"Basi ndiyo Hibatullah, kwetu."

"Hapana, mama," akacheka. "Hata kwenu ni Dorothea."

Binti yangu akakunja uso. "Mama, ulimi utanikatika! Wote waliopita hapa niliwaita Salma. Na huyu Salma."

"Mamake hakukuuzia jina," nikamwambia.

Sikio la kufa halisikii dawa. Wajukuu nao wakadaka: Salma chai, Salma viatu vyangu wapi.

Homa ilimkamata Dorothea nami niko Qantab kwa mdogo wangu. Dereva wao akamfikisha hospitali, akamwandikisha kwa jina la kwenye pasi, akarudi zake. Asubuhi binti yangu akaenda na uji, akamuulizia Salma. Hapana Salma. Akazunguka wodi hii na hii mpaka uji ukapoa, ndipo akanipigia simu, analia: "Mama, lile jina lake lipi?"

Nikalitaja. Akampata. Walikuwa ndio kwanza wamemfunika uso. Muuguzi akasema tangu alfajiri msichana alikuwa akiuliza kama kuna mtu wake aliyekuja.

Mwanangu, mimi sikusoma, lakini hili nalijua: jina la mtu ni dua ya mamake. Likikushinda, lirudie, ulimi hauna mfupa, utalainika. Kumlipa mtu mshahara si kummiliki. Mungu akujaalie, siku utakayolala huwezi kuinuka, aje mtu akuulizie kwa jina lako.

Leo nna nyumba Khuwair ya Kusini, mitende michache, duka la vitambaa na vyerehani vyake. Juu ya mlango wa duka pameandikwa Mwanakheri.