Siku ya Kula Getini

Tangu aanze kazi katika kile kiwanda cha minofu kule Nyakato, Akelo alikuwa amevuliwa nguo mara nyingi kuliko katika miaka yote ya ndoa yake. Mwenyewe ndivyo alivyokuwa akisema, na wenzake wakicheka mpaka wakishika mbavu, halafu kicheko kikikatika ghafla, kila mmoja akitazama chini.

Mambo yalikuwa hivi, ndugu zangu. Ilikuwa mwaka tisini na sita, soko huria limeshika kasi, na sangara wa ziwa letu alikuwa akipanda ndege kwenda Ulaya wakati sisi tukibaki na kichwa na mifupa. Kiwandani wanawake walikuwa vibarua, wakisafisha minofu kwa visu vikali, wamesimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi. Lakini ndani ya sangara kuna bondo, kile kifuko cha hewa, na bondo lina bei. Matajiri waliogopa kuibiwa mabondo. Basi kila jioni, kabla ya kutoka, wanawake walipangwa foleni kwenye korido, wakavua magauni, na walinzi wa kiume wakawapitia mmoja mmoja kama wanunuzi mnadani.

Akelo alikuwa Mluo wa mwambao wa Mara, Msabato, mkazi wa Pasiansi. Mumewe Okeyo alikuwa fundi wa nyavu, kazi yake leo ipo, kesho haipo. Kwa hiyo Akelo alikuwa akivua, akivaa, na kurudi nyumbani bila kusema neno.

Mpaka jioni ile ya Mama Teodora.

Teodora alikuwa Mkerewe, Mkatoliki, mama mtu mzima mwenye wajukuu. Siku hiyo mlinzi mmoja, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, alimwambia avue na shimizi. Teodora akavua. Akasimama pale amefumba macho, midomo ikitikisika, na yule kijana akasema, "Geuka." Akelo alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alimwona bibi wa watu anageuka.

Ilipofika zamu yake, mlinzi alisema, "Vua, mama, watu tunataka kufunga."

"Sivui."

Shimba, msimamizi wa zamu, akasogea. "Akelo, bondo umeficha wapi?"

"Leteni mwanamke anipapase juu ya gauni. Nikikutwa na hata gamba, nipelekeni polisi. Lakini nguo yangu sivui."

"Usipovua, kesho huna kazi."

"Basi sina."

Akapita katikati yao. Hakuna aliyenyoosha mkono kumshika, nadhani kwa mshangao tu. 

Sasa, kulikuwa na jambo lililokuwa likimkaa kooni. Mwezi wa tatu akina mama Wakatoliki waligoma kwa sababu ya upekuzi huu huu. Shimba akawaendea Wasabato: "Nyie watu wa Jumamosi, nafasi hizi hapa." Wakaingia. Mwezi wa tano wakagoma Wasabato. Shimba akawaendea watu wa Jumapili, Wakatoliki na wale wa kanisa la AIC, nao wakaingia. Mgomo wa kwanza uliisha kwa siku mbili, wa pili kwa siku moja. Na Akelo, mwezi wa tatu, alikuwa miongoni mwa walioingia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Teodora, akamkuta anachambua mchicha.

"Mama, nimekuja kukwambia kitu. Mwezi wa tatu mlipogoma, mimi ndiye niliyesimama mahali pako."

"Najua. Uliniachia kisu kichafu."

"Nisamehe, mama."

"Na mwezi wa tano niliposimama mahali pako mimi, nilikiosha. Kaa chini." Teodora akamsogezea kigoda. "Unaona lakini? Wanatuvua kwa zamu kwa sababu tunasali kwa zamu."

Akelo alilibeba neno hilo mpaka kwa mchungaji wake, Obedi, na Teodora akalipeleka kwa Masalu, katekista. Jumatano wakakutana uani kwa Masalu: katekista, Mchungaji Obedi, na mchungaji wa AIC. Mwanzoni walikaa kama wakwe waliokutana posa ikiwa na mgogoro. Kila mmoja alikumbuka nani aliingia mahali pa nani.

"Sisi Jumamosi hatufanyi kazi, mnajua," alianza Obedi.

"Na Jumapili mnaingia kufanya ya kwetu," alisema Masalu.

Akelo, aliyekuwa amekaa mkekani na Teodora, akaingilia. "Samahani wazee wangu. Yule kijana alipomwambia mama huyu ageuke, hakumuuliza anasali wapi."

 Kisha Obedi akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Baada ya hapo maneno yalikwenda upesi: kanisa lolote likigoma, mengine hayaingii. Lakini Obedi alitaka akina mama wenyewe waamue kwa kura ya siri, maana ugali utakaokosekana ni wao. Wapigie wapi? Pale pale nje ya geti, Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu. Masalu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, akapewa kazi ya kuandika tangazo.

Masalu ni Msukuma, na sisi huku tunajuana: ulimi wetu haugombani na *l*, ila *r* huwa tunaisahau nyumbani. Akaandika kwa kalamu ya wino: "Jumatatu ni siku ya kula. Kila mwanamke wa kiwandani afike nje ya geti saa kumi na mbili asubuhi na kula yake. Kula ya mmoja ni sawa na kula ya mwingine."

Tangazo likasomwa Jumamosi kwa Wasabato na Jumapili kwa wengine, neno kwa neno, na waumini wakalipenda sana.

Jumatatu Masalu alifika getini na debe tupu lililotobolewa mdomo na vikaratasi mia mbili mfukoni, akakuta sufuria. Wanawake wametandika khanga ukutani mwa kiwanda, ugali umefunikwa kwa sahani, kuna michembe ya viazi vikavu, kuna dagaa wa karanga, kuna chai kwenye birika. Kila mmoja amekuja na kula yake.

"Katekista, debe la nini? Umeleta maji?" aliuliza mmoja.

Masalu alipoelewa, alitamani ardhi impokee. Akelo alilitazama debe, akazitazama sufuria, akaanza kucheka. "Kaa, katekista. Kura umeshazipata. Angalia walivyokaa, wote wamechanganyika."

Teodora alikuwa akifunua vyungu vyake viwili. "Nyie Wasabato, hiki kina kambale asiye na magamba, msije mkakosa mbingu kwa ajili yangu. Chukueni kile cha sato."

Kengele ya zamu ililia. Hakuna aliyenyanyuka. Lori la samaki kutoka mwaloni, wanakoshusha wavuvi, lilikuwa limeshaingia, barafu ikidondoka. Shimba akatoka na askari polisi.

"Nani kiongozi hapa?" aliuliza askari. "Mkutano huu una kibali?"

Akelo akasimama. "Mkutano gani, afande? Sisi tunakula." Akampa tangazo.

Askari akalisoma. Akalirudia. "Siku ya kula," alisema taratibu.

"Limesomwa makanisani, afande. Makanisa matatu."

"Sasa mtakula mpaka saa ngapi?"

"Mpaka tushibe."

"Na mtashiba lini?"

"Siku wakiacha kutuvua nguo."

Askari alimtazama Shimba. "Mnawavua nguo?"  Shimba alimruka, akawaendea wanawake na ile hila yake ya siku zote: "Wasabato! Anayetaka kazi ya kudumu, siyo kibarua, aingie sasa hivi!"

Hapo ndipo penyewe. Kazi ya kudumu!  Akinyi, jirani yake wa Pasiansi, mwenye watoto sita, akasimama. Akajikung'uta gauni. Akatembea kuelekea getini, wote wamemkodolea macho, kisha akakata kushoto mpaka kwenye vyungu vya Teodora. "Mama, naomba mchuzi. Wa sato, siyo wa yule mwenzake."

Vicheko vilipasuka ukuta mzima. Askari akageuza uso, mabega yakimcheza, akaenda kusimama kivulini.

Saa tano meneja alitoka mwenyewe, shati limelowa. Akatangaza: mpekuzi atakuwa mwanamke, ndani ya chumba, juu ya nguo. Sasa waingie. "Isipokuwa huyu," akamwonyesha Akelo.

Wanawake walikuwa wameshaanza kukunja khanga. Teodora akaitandika yake upya, akakaa. Halafu Akinyi. Halafu wengine, wa Jumamosi na wa Jumapili, mpaka meneja akabaki amesimama peke yake na Shimba. Akalitazama lori, maji yaliyokuwa yakidondoka yamegeuka mekundu.

"Aingie," alisema.

Jioni ile, chumbani, alikuwapo msichana mmoja aliyetolewa ofisini. Alimpapasa Akelo haraka haraka juu ya gauni, bila kumtazama, akasema, "Pita."

Akelo hakupita. Nyuma yake foleni ilisimama.

"Umenigusa mwili mzima," alisema, "na salamu hujanipa."

Msichana akainua macho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Akelo, akatoka.