Pindo la Gauni la Shule

Mama ni fundi cherehani, na kila gauni la shule hulishona na pindo pana. Wateja humcheka: "Fundi, pindo lote hili la nini? Mtoto mwenyewe mmoja!"

Utotoni mwake serikali ilihimiza watu wazae sana. Kwao wakawa mabinti sita na gauni moja, likipandishwa na kushushwa pindo. Lilipomfikia yeye, kitindamimba, lilikuwa matambara, na shule ikaishia hapo.

Alipoolewa, serikali hiyohiyo ikageuza maneno: mmoja anatosha! Akanizaa mimi, nikasoma hadi chuo kikuu, sijawahi kuvaa cha mtu.

Jana nilimkuta amepakata gauni langu la zamani, pindo bado halijafumuliwa.

"Mama, si uligawe tu?"

Akalipapasa. "Mdogo wako angekuwa mrefu."